Kutoka kipindi tupu hadi kipindi chenye kazi: shajara ya mradi wa hisabati, Kidato cha Pili

Shule ni ya kata, ya kutwa, ina mikondo miwili ya Kidato cha Pili yenye wanafunzi wapatao 60 kila mmoja, na walimu wawili wa hisabati kwa shule nzima. Mikondo yote miwili inafundishwa na mwalimu mmoja. Kipindi ni dakika 40. Lengo la mradi ni dogo makusudi: mwalimu asipoingia, darasa lifanye hisabati angalau dakika 30, na akirudi aendelee pale darasa lilipofika badala ya kuanza upya. Kila hatua imeandikwa ilipokamilika. Zilizokufa zimeachwa humu ili anayeiga asizilipie mara ya pili.

27 Januari 2025: Kuhesabu vipindi

Kila darasa tayari lina kitabu ambacho mwalimu husaini akimaliza kipindi. Ukikisoma hicho peke yake, utaona vipindi karibu vyote vimefundishwa. Lakini sahihi za wiki nzima hujazwa Ijumaa kwa mkupuo, na anayeshika kitabu ni monita wa miaka 15. Huyo hawezi kuandika "mwalimu hakuingia" kisha akapeleka kitabu kwa mwalimu yuleyule asaini. Kitabu hicho kiliwekwa kando.

Kila mkondo ulipewa kaunta buku yenye safu nne: tarehe, kipindi cha ngapi, herufi, na dakika ambayo kazi ilianza. Herufi ni tatu. F: kimefundishwa. K: mwalimu hayupo, kazi ipo. T: kipindi tupu. Jina la mwalimu haliandikwi wala sababu. Jambo hili ndilo lililotuliza ofisi ya walimu, maana mwanzoni daftari lilionekana la kuwachongea watu kwa mkuu wa shule. Mwalimu aliyeitwa semina si mkosaji. Kinachotafutwa ni T igeuke K.

Sababu za kukosekana, kwa maelezo ya walimu wenyewe, zinaangukia mafungu matatu. Kuna zinazojulikana siku kadhaa kabla: semina, kusahihisha mitihani ya mock, kusafiri na timu za UMISSETA (michezo ya shule za sekondari). Kuna za ghafla, kama msiba na ugonjwa. Halafu kuna lile fungu ambalo watu hawapendi kulitaja: mwalimu yuko shuleni lakini hayuko darasani, anajaza taarifa inayotakiwa mchana huohuo au amekaa na wageni wa mkuu. Tafiti za Benki ya Dunia kuhusu utoaji wa huduma katika shule za msingi za Tanzania na Kenya hupima kutokuwepo shuleni na kutokuwepo darasani kama vitu viwili, na ni sawa zifanye hivyo. Aliyeko ofisini anaweza kutuma kazi kwa dakika moja. Aliyeko msibani mkoa mwingine hawezi. Mfumo unaongoja mwalimu aagize kazi hautafaa fungu la pili, kwa hiyo kazi lazima iwepo darasani kabla yeyote hajajua kwamba itahitajika.

Safu ya nne, ile ya dakika, ilionyesha upotevu ambao haukutarajiwa. Hata kipindi cha K kilianza baada ya robo saa, kwa sababu darasa lilikuwa linangoja kuona kama mwalimu atatokea. Tangu hapo kuna kanuni ya dakika 10: mwalimu asipoonekana, monita anagawa kazi bila kumuuliza mtu. Mwalimu akija dakika ya 18, anaikuta kazi na kuingia hapohapo. Haisimamishi.

Gharama: kaunta buku 3 kwa Sh 3,000 (mbili za mikondo, moja ya mwalimu), jumla Sh 9,000.

10 Februari 2025: Kurasa za kitabu (imekufa)

Jaribio la bei rahisi kuliko yote: monita anaandika ubaoni "someni ukurasa fulani, fanyeni zoezi". Wanafunzi wakanakili kurasa kwenye madaftari, vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu, wakafanya kipengele (a) cha swali la kwanza, wakaishia hapo. Ukipita dirishani unaona darasa tulivu linaloandika. Utulivu huo ndio ulioficha kwamba hakuna hisabati iliyofanyika.

Kitabu cha kiada kimeandikwa kikijua mwalimu yupo. Mfano unaruka mistari miwili kwa sababu kuna mtu wa kuijaza ubaoni. Pili, maagizo ni ya Kiingereza. Mwanafunzi anayeweza kutatua x² + 5x + 6 = 0 akionyeshwa kwa mkono hukwama akikutana na "hence solve" (kwa kutumia hilo, tatua). Kilichomkwamisha hapo ni kusoma. Tatu, vitabu havitoshi, na kitabu kimoja kwa watu sita ni kitabu cha watu wawili walioketi katikati.

Kilichobaki: kitabu kinatumika kama ghala la maswali tu.

3 Machi 2025: Kadi ya kwanza

Kadi ni karatasi moja ya A4, pande mbili, ya kipindi kimoja. Upande wa kwanza una maswali matatu ya kukumbusha somo lililopita (dakika 5) na mifano mitatu. Upande wa pili una maswali 8. Lugha ni Kiingereza kama cha mtihani, sentensi fupi, na kona ya juu kuna kisanduku cha maneno yasiyozidi matano ya maagizo yaliyofafanuliwa kwa Kiswahili. Kadi iliyoandikwa Kiswahili chote ilieleweka haraka zaidi, lakini mtihani wa mwezi ulipokuja wanafunzi hawakuitambua kazi ileile ikiwa imevaa Kiingereza. Kisanduku ndicho kilichobaki.

Uzito wote wa kadi uko kwenye mifano mitatu. Wa kwanza umekamilika, wa pili umekosa mstari wa mwisho, wa tatu umekosa mistari miwili. Kwa kutafuta vigawo ilikuwa hivi:

Mfano 1 (kamili): x² + 7x + 12. Namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 12 na zikijumlishwa zinatoa 7 ni 3 na 4.
x² + 3x + 4x + 12
x(x + 3) + 4(x + 3)
(x + 3)(x + 4)

Mfano 2: x² + 9x + 20, mstari wa mabano mawili umeachwa wazi.

Mfano 3: x² − 8x + 15, umeishia kwenye x² − 3x − 5x + 15.

Mpangilio huu haukubuniwa hapa. John Sweller na Graham Cooper walionyesha mwaka 1985, wakitumia aljebra hasa, kwamba anayeanza mada hujifunza haraka zaidi kwa mifano iliyotatuliwa kuliko kwa kurundikiwa maswali. Katika darasa lisilo na mwalimu faida yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa mfano ndio kitu pekee kinachofundisha.

Kadi ya kwanza iliharibikia sehemu mbili. Maswali yalikuwa 20, na waendao taratibu waliishia la sita wakiwa hawajagusa swali lolote lenye alama ya kutoa. Yamepunguzwa kuwa 8: manne yanafanana na mifano, mawili yana mgeuko, mawili ni ya kiwango cha Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili. Kosa la pili lilikuwa ndani ya Mfano 3. Vikundi vingi viliandika x(x − 3) − 5(x + 3), mabano hayakufanana, wakasimama. Ubaoni mwalimu angelisemea hilo bila hata kufikiri, kadi haikusema. Umeongezwa mstari mmoja pembeni: −5 × −3 = +15, kwa hiyo ndani ya mabano ni −3. Tangu hapo kila kadi, kabla ya kupigwa kopi, hupewa wanafunzi wanne wa kiwango cha kati waifanye mbele ya mwalimu aliyenyamaza. Pale wanapoinua macho kumtazama, ndipo mstari unapokosekana.

Kuandaa kadi moja pamoja na majaribio hayo huchukua kama saa 3.

24 Machi 2025: Nani atasema jibu ni sahihi?

Hapa ndipo mradi ulipokaribia kufia, na ndipo kuna kitu cha kuigwa.

Toleo la kwanza: majibu nyuma ya kadi. Yalinakiliwa ndani ya dakika tano, na njia zikabuniwa kwenda kinyumenyume hadi zilifika kwenye jibu.

Toleo la pili: majibu yanashikwa na monita, yanafunguliwa dakika ya 30. Kunakili kulipungua, lakini mwanafunzi aliyekosea swali la 1 alilirudia kosa lake mara nane kabla hajajua. Alikuwa amefanya mazoezi ya kukosea. Tena monita aligeuka adui wa darasa, mzigo usiomstahili.

Toleo la tatu: jumla ya majibu. Kadi ya Pythagoras ilikuwa na pembetatu mraba nne, zenye pande fupi 3 na 4, 5 na 12, 8 na 15, 7 na 24. Chini imeandikwa "jumla ya haipotenusi nne ni 60", kwa sababu pande ndefu (haipotenusi) ni 5 + 13 + 17 + 25 = 60. Kikundi kikipata 60, kinaendelea. Kisipopata, kinajua kuna kosa bila kujua liko wapi, na kulisaka kunaleta mabishano yenye faida. Dosari iligunduliwa na wanafunzi kabla ya mwalimu: ukishapata majibu matatu, la nne unalitoa kwa kutoa, 60 − 35. Dawa ilikuwa kutaka mistari ya kazi kwa swali la mwisho na kutoihesabu alama isiyo na mistari. Njia hii imebaki kwa Pythagoras.

Toleo la nne: kapu la majibu. Majibu yote ya kadi yamechanganywa ndani ya kisanduku pamoja na machache ya uongo. Kwenye logarithi lilileta balaa dogo. Swali moja lilikuwa logarithi ya 8 kwa kitako 2, jibu 3, kwa kuwa 2 × 2 × 2 = 8. Kosa la kawaida ni kugawanya 8 kwa 2 na kupata 4. Lakini 4 ilikuwamo kapuni, maana ndiyo logarithi ya 81 kwa kitako 3. Waliokosea walilikuta jibu lao, wakafurahi, wakaendelea na kugawanya hadi mwisho wa kadi. Kwa hiyo anayetumia kapu ahakikishe jibu sahihi la swali moja si kosa la kawaida la swali jingine. Hapa 81 ilibadilishwa kuwa 243, jibu likawa 5.

Toleo la tano ndilo lililoshinda: mwanafunzi ajihakikishie kwa tendo la hisabati lenyewe, bila ufunguo wa mtu. Kwa logarithi anarudisha kwenye kipeo: ukisema 4, je, 2 kwa kipeo cha 4 ni 8? Hapana, ni 16. Kwa milinganyo anarudisha jibu kwenye mlinganyo. Kwa vigawo anaweka namba mahali pa x pande zote mbili.

Namba gani? Kadi ya mwanzo ilisema "chagua namba yoyote", na darasa zima likachagua 0 kwa uvivu unaoeleweka. Sifuri haifai. Aliyesema x² + 7x + 12 ni (x + 2)(x + 6) anapata 12 pande zote mbili na kupita. Namba 1 nayo ina mtego: x² + 4x − 5 ni (x − 1)(x + 5), lakini hata (x − 1)(x − 5) inatoa 0 ukiweka 1, sawa na upande wa pili. Kadi sasa inaagiza 10. Hesabu yake ni nyepesi: x² − 8x + 15 inakuwa 100 − 80 + 15 = 35, na (x − 3)(x − 5) inakuwa 7 × 5 = 35. Aliyeandika (x − 3)(x + 5) anapata 7 × 15 = 105, na hahitaji kuambiwa na mtu kwamba amekosea. Vigawo viwili tofauti vinaweza kugongana hata kwa 10, ila ni nadra. Mwenye wasiwasi aongeze 2.

Kwa takwimu tendo lipo pia. Jumla ya tofauti kati ya kila namba na wastani lazima iwe sifuri. Data 4, 7, 8, 9, 12 zina wastani 8, tofauti ni −4, −1, 0, 1, 4, jumla 0. Data zichaguliwe ziwe na wastani wa namba nzima. Wastani wenye desimali zilizokadiriwa hauleti sifuri kamili, na mwanafunzi makini ndiye atakayekwama akidhani amekosea. Kwa kizio cha kati (median) na chati hakuna tendo la kujihakikishia, kwa hiyo ufunguo wa dakika ya 30 umebaki huko tu.

Uhakiki unakula dakika kama 8 za kipindi. Maswali yaliyokamilika yalipungua. Ni biashara nzuri hata hivyo: maswali matano yaliyohakikiwa yana thamani kuliko manane yasiyo na mwenyewe.

14 Aprili 2025: Karatasi, plastiki, ufunguo

Kadi moja kwa wanafunzi wanne, nakala 15 kwa darasa. Kopi ni Sh 100 kwa uso, hivyo kadi ni Sh 3,000. Mikondo miwili inatumia nakala zilezile, kwa kuwa mwalimu ni mmoja na vipindi vyao havigongani kamwe.

Kulaminisha nakala 15 kwa Sh 1,000 kila moja, ili waandike juu na kufuta, ilikuwa hasara. Kalamu 4 za ubao mweupe (Sh 1,500 kila moja) zilikauka zikiwa hazijafungwa vizuri, wanafunzi wakatumia kalamu za kawaida, wino haukufutika. Sh 21,000 ziliishia hapo. Mbadala ni mifuko ya plastiki ya faili, 15 kwa Sh 300. Kadi inaingizwa, inasomwa, haiandikwi. Kazi yote ni daftarini. Kadi ikiisha, mfuko unapokea nyingine.

Kuandika kadi ubaoni badala ya kopi kulijaribiwa ili kuokoa hela. Mwandishi mzuri alichukua dakika 15, na vipeo vilianguka: x² ikawa x2, waliokaa nyuma wakasoma 2x. Njia hii inafaa pale tu kadi haina vipeo na mwanafunzi wa pili anakagua.

Kadi ziliwekwa kwanza ofisi ya taaluma. Siku mwalimu wa hisabati na wa taaluma walipoitwa semina moja, ofisi ilifungwa, kadi zikiwa ndani. Sasa kuna sanduku la mbao lililopigiliwa ukutani katika darasa la mkondo A (fundi Sh 35,000, kufuli Sh 5,000). Kufuli lilikuja na funguo tatu: monita wa A, monita wa B, na makamu mkuu wa shule. Kila kadi iko ndani ya bahasha ya kaki yenye namba na mada, na zinatumika kwa mfuatano. Mwalimu akifundisha mada mwenyewe, anageuza bahasha yake kichwa chini ili monita asiigawe tena. Hatua hii husahaulika, na ikisahaulika darasa linarudia lilichofanya jana.

12 Mei 2025: Vikundi na saa

Vikundi vya wanne ambavyo mmoja anafanya na watatu wanaangalia vilijitokeza siku ya kwanza, kama ilivyotarajiwa. Kanuni iliyosaidia ni "mwenye kalamu haamui". Kila swali lina mwandishi wake kwa zamu, na mwandishi anaandika tu kile ambacho mwingine amekisema kwa sauti. Mwanafunzi hodari anapokuwa mwandishi analazimika kungoja. Kelele ziliongezeka, madarasa ya jirani yalilalamika, na malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Vikundi sasa vinakaa kwa kugeuza meza ya mbele, wanne wakitazamana, badala ya wanne kwenye mstari mmoja ambao lazima wapaze sauti.

Kuchanganya viwango kulifanya kazi kwa kadi za mada mpya. Kwa kadi za marudio, vikundi vya kiwango kimoja vilikwenda vizuri zaidi, kwani hodari waliruka hadi maswali ya 7 na 8.

Bila saa, "dakika 10" na "dakika ya 30" ni maneno tu. Simu haziruhusiwi kwa wanafunzi, na kengele hulia mwisho wa kipindi pekee. Saa 2 za ukutani kwa Sh 12,000, betri Sh 1,000 kila moja. Ikisimama, ratiba yote ya kadi inalala, kwa hiyo betri ya akiba inakaa sandukuni.

14 Julai 2025: Mwalimu akirudi

Kabla ya likizo ya Juni daftari la vipindi lilionyesha K nyingi na T chache, lakini kazi ndani ya madaftari ya wanafunzi ilikuwa inapungua wiki hadi wiki. Kadi zilikuwa zilezile kwa ubora. Kilichobadilika ni kwamba wanafunzi walikuwa wamegundua kazi ya kadi haifiki popote: mwalimu anarudi, anasema "tulikuwa wapi?", anafundisha mada ileile toka mwanzo. Aliyefanya kadi na aliyelala wanaanza sawa. Hakuna kijana wa miaka 15 anayehitaji kuambiwa hesabu hiyo mara mbili.

Kusahihisha madaftari 120 haiwezekani kwa mwalimu mmoja aliyerudi na mrundikano wa kazi. Yafuatayo ndiyo yaliyokaa baada ya kujaribiwa.

Kila kikundi kinaacha kikaratasi kimoja (A4 iliyotumika, imekatwa vipande 8) kinachosema mahali walipokwama. Toleo la kwanza liliacha nafasi ya maelezo na likajaa "hatujaelewa mada". Sasa kina nafasi mbili tu: Swali la ___, mstari wa ___. Vikaratasi 15 vinasomwa kwa dakika 5. Mwalimu anavipanga kwa mafungu, anachukua fungu kubwa, anaanza kipindi chake kwa mstari huohuo ubaoni, dakika 10, kisha anaingia mada mpya. Yaliyobaki hayagusi.

Daftari moja kwa kikundi linasahihishwa, si yote manne. Mwalimu anaandika ubaoni namba kati ya 1 na 4, na mwenye namba hiyo katika kila kikundi analeta la kwake; alama ni ya kikundi. Namba haijulikani kabla, kwa hiyo wote wanne wanalazimika kuwa na kazi. Ni madaftari 15 badala ya 60 kwa kila mkondo.

Mtihani wa mwezi una swali moja lililotolewa kwenye kadi ambayo mwalimu hakuifundisha. Hili peke yake lilirudisha uzito wa kadi kuliko hotuba zote za paredi.

Ugumu uko kwa mwalimu. Kuamini kwamba darasa limejifunza bila yeye kunataka moyo, na vikaratasi vikionyesha darasa zima limekwama mstari mmoja, kishawishi cha kuanza upya ni kikubwa. Kipimo kinachotumika: vikundi zaidi ya 10 kati ya 15 vikikwama swali la 1 au la 2, kadi ni mbovu, fundisha upya na uirekebishe kadi. Chini ya hapo, dakika 10 na kuendelea.

11 Agosti 2025: Msimamizi asiye wa hisabati, na mwisho wa uwezo wa kadi

Mwalimu wa zamu amewekewa kazi moja: kupita dakika ya 12 na kuangalia kama kadi zimegawiwa. Mwanzoni walimu wa masomo mengine waliopita walijitolea kufundisha. Mmoja alieleza logarithi kwa kukumbuka alivyosoma zamani, na siku iliyofuata ikabidi ifutwe kwanza. Sasa ndani ya mfuniko wa sanduku kuna karatasi: msimamizi anatunza muda, anahimiza uhakiki ("mmeweka 10?"), anakusanya vikaratasi. Haelezi hisabati. Walimu wengi wa sanaa wamesema karatasi hiyo imewapunguzia hofu ya kuingia darasa la hisabati.

Kadi zinabeba vipindi viwili hadi vinne mfululizo. Kipindi cha tano, makosa ya kadi ya kwanza yameota juu ya ya pili na vikaratasi vinaanza kutaja swali la 1. Likizo ya uzazi kisheria nchini Tanzania ni siku 84, yaani wiki 12. Hakuna sanduku la kujaza wiki 12, na hatari ya mradi kama huu ni kiongozi kuutumia kama sababu ya kutoomba mwalimu wa muda. Kwa sababu hiyo kwenye daftari la vipindi K ya tano mfululizo inaandikwa kwa wino mwekundu, na nakala ya ukurasa huo inapelekwa kwa mkuu wa shule kama hoja ya kuomba mtu.

8 Septemba 2025: Hesabu hadi sasa

Kadi 12 ziko sandukuni: vigawo 3, milinganyo ya kipeo cha pili 3, logarithi 2, Pythagoras 2, takwimu 2.

Kopi za kadi 12: Sh 36,000. Kaunta buku: 9,000. Mifuko ya plastiki: 4,500. Bahasha 12 za kaki kwa Sh 300: 3,600. Sanduku na kufuli: 40,000. Saa na betri: 26,000. Jumla ya vinavyotumika ni Sh 119,100, chini kidogo ya Sh 1,000 kwa mwanafunzi. Ukiongeza hasara ya laminisho ni Sh 140,100. Muda wa mwalimu, kama saa 36 za kuandaa kadi, haukulipwa, na ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Shule mbili zikigawana mada, kila moja itaandaa nusu.

Mwenye fedha kidogo aanze na kaunta buku, saa moja na kadi tatu za vigawo. Sanduku linaweza kungoja. Ndoo yenye mfuniko kwa makamu mkuu wa shule inatosha mwezi wa kwanza.

Wiki hii walimu kadhaa wako kwenye usimamizi wa mtihani wa darasa la saba, kwa hiyo kadi zinatumika mikondo yote. Zinazofuata ni za pembetatu zinazofanana na zilizo sawa. Uthibitisho hauna namba ya kuweka mahali pa x. Linalojaribiwa ni kukata hatua za uthibitisho vipande, kila kipande na sababu yake, vikundi vivipange. Nyuma ya kila kipande kuna herufi, na mfuatano sahihi wa herufi uko kwenye ufunguo wa dakika ya 30. Herufi zisiunde neno, la sivyo wataligundua neno kabla ya uthibitisho. Vipande sita kwa vikundi 15 ni 90, vitapotea; kila seti itafungwa kwa mpira na kuandikwa namba ya kikundi kwenye kila kipande.